Barua ya wazi: Utabiri wa mvua za msimu utufikie kabla hatujanunua mbegu

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia hali ya hewa, kilimo na serikali za mitaa,
Kanda ya Kati.

YAH: UTABIRI WA MSIMU KUTUFIKIA MAAMUZI YA SHAMBA YAKIWA YAMESHAFANYIKA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa mtama, alizeti na karanga katika tambarare za Ugogo, mkoani Dodoma, na ninaandika pamoja na majirani walioniomba nishike kalamu. Malalamiko haya si mapya. Tuliyatoa kwenye mkutano wa kijiji, tukayaandika na kuyapitisha kwa mtendaji, tukayarudia mbele ya maafisa waliokuja kukagua mashamba. Kila mara tulijibiwa kwamba yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, na hali ikabaki ile ile. Ndiyo sababu leo tunasema hadharani, kwa heshima zote.

Nianze na jambo tusilolilalamikia. Hatusemi watabiri ni waongo, wala hatudai mtu atuhakikishie mvua. Tunajua hakuna chombo duniani kinachoweza kusema mwezi Oktoba kwamba mvua itanyesha Februari 10 kwenye shamba la fulani. Tunachodai ni kwamba utabiri uliokwisha kufanywa, kwa fedha za umma na kwa akili za vijana wetu wasomi, utufikie ukiwa bado na kazi ya kufanya shambani.

Mnaokaa ofisini mjini naomba mtuvumilie nieleze mvua ya huku ilivyo, maana malalamiko yote yanatoka hapo. Wenzetu wa pwani na wa kaskazini wana vuli na masika. Vuli ikiwatupa, masika bado iko mbele. Sisi tuna msimu mmoja tu, unaohesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, na mara nyingi mvua ya kupandia haiji mpaka Desemba. Sehemu kubwa ya tambarare hizi hupata milimita kati ya 500 na 700 kwa mwaka mzima. Hiyo si mingi, ila ikigawanyika vizuri inatosha kabisa kwa mtama, uwele na alizeti.

Tatizo letu kubwa ni lile pengo la mwishoni mwa Januari na Februari, mvua inapokatika wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Mahindi yaliyopandwa katikati ya Desemba hutoa mbelewele karibu na katikati ya Februari. Yaani siku ambazo mhindi unahitaji maji kuliko wakati wowote wa maisha yake ndizo siku ambazo mbingu ya huku imezoea kufunga. Ukipita wakati huo bila maji, hata mvua ya Machi inyeshe usiku na mchana, gunzi litabaki na punje za kuhesabika. Mtama ni tofauti. Ukikosa maji hukunja majani, husimama na kungoja, mvua ikirudi unaendelea. Kila mzee wa huku anajua hivyo. Kijana anayeanza kulima hajui, na ndiye anayetegemea ushauri wenu.

Sasa nataja yanayotuumiza.

1. Muda wa taarifa.

Utabiri wa mvua za msimu hutangazwa mwishoni mwa Oktoba. Kwa redio ya mjini ni mapema, maana mvua bado. Kwa mkulima umechelewa. Kufikia wakati huo mashamba yameshaberegwa (yaani kusafishwa bila kulimwa), fedha za alizeti iliyouzwa Julai na Agosti zimeshagawanywa kati ya ada, deni la kikoba na mbegu, na wengi wameshauza mbuzi kupata cha kuongezea. Trekta la kukodi limeshawekewa miadi. Wapo pia wanaofukia mbegu udongo ukiwa bado mkavu ili mvua ya kwanza isiwapite. Baada ya tangazo la taifa, taarifa huanza safari kwenda mkoani, wilayani, katani, na hatimaye kijijini. Mara nyingi karatasi hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji wakati watu wameshahamia mashambani.

Nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, yetu ikiwamo, zimekuwa zikikutanisha wataalamu wao kabla ya kila msimu tangu mwaka 1998 ili kulinganisha hesabu zao. Kwa hiyo dalili za awali huwa zipo mikononi mwa wataalamu kabla ya tangazo rasmi. Tunaomba dalili hizo tupewe Septemba, zikiitwa za awali, na zirekebishwe baadaye. Tutaelewa. Mkulima anabadili mpango kila siku kwa kutazama mawingu, hatashindwa kubadili mpango kwa kusikia marekebisho.

2. Tunapewa jumla ya mvua, tunanyimwa mtawanyiko na uwezekano.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, nami nitalikalia.

Tunaambiwa mvua za Dodoma na Singida zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani. Mashamba mawili yanaweza kupata milimita 550 kila moja, moja likajaza ghala na jingine likatoa mabua. La kwanza lilipata mvua kidogo kidogo kuanzia Desemba hadi Machi. La pili lilipata nusu ya mvua yake ndani ya siku chache za Januari, maji yakapita juu ya udongo kwenda korongoni, kisha likakaa kavu mwezi mzima. Kwenye hesabu za mwisho wa msimu mashamba yote mawili yataandikwa kwamba yalipata mvua ya wastani. Wenye hilo la pili watakuwa kwenye foleni ya mahindi ya msaada.

Halafu kuna suala la uwezekano. Watabiri wanapofanya kazi yao hupanga miaka 30 ya kumbukumbu katika makundi matatu, ya mvua nyingi, ya kati na chache, kisha hutoa asilimia kwa kila kundi. Kundi la mvua chache likipewa asilimia 45, bado kuna asilimia 55 kwamba msimu utaangukia katika makundi mengine mawili. Habari hiyo ina thamani kubwa. Lakini ikishapita kwenye midomo mitatu minne, asilimia zote zinadondoka njiani, na kijijini linafika tamko moja, mwaka huu mvua hakuna. Mwaka ambao mvua inakuja vizuri baada ya tamko hilo, watu wanaapa hawatasikiliza tena.

Msidhani mkulima hawezi kuelewa asilimia. Mwenye ekari tano anagawa hatari kila mwaka bila kufundishwa na mtu: tatu mtama, moja alizeti, moja mahindi ya kuchoma na ya watoto. Mpe uwezekano wa kweli atajua ekari ipi ahamishe. Mpe tamko la jumla atabaki na mgawanyo wa baba yake.

3. Ukubwa wa eneo.

Mkoa wa Dodoma peke yake una zaidi ya kilomita za mraba 41,000. Ndani yake kuna milima ya Mpwapwa, kuna vilima vya Kondoa, kuna mbuga za udongo mweusi za Bahi ambako watu wanalima mpunga, na kuna tambarare za kichanga ambako hata mhogo unahesabu siku. Mvua ya huku huletwa zaidi na mawingu ya radi yanayojijenga mchana kwa joto. Yanaweza kulowesha kijiji kimoja na kuruka cha pili. Hata utabiri unaposhushwa hadi ngazi ya wilaya, bado unahitaji afisa ugani anayejua udongo wa kata yake akae na wananchi autafsiri shamba kwa shamba. Katika kata yetu afisa ugani mmoja anahudumia vijiji vingi, na pikipiki yake inategemea mafuta yasiyokuja kwa wakati. Hatumlaumu yeye.

4. Matangazo ya El Niño ya nchi nzima.

Mwaka 2023 habari ya El Niño ilivuma kila mahali, na ilistahili kuvuma. Mvua kubwa zilikuja kweli, na Desemba 3 mwaka huo maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua watu Katesh, si mbali na sisi. Lakini El Niño haifanyi kazi moja nchi nzima. Bahari ya Pasifiki ikipata joto lisilo la kawaida, na hiyo ndiyo El Niño yenyewe, Afrika Mashariki huelekea kupata mvua nyingi kati ya Oktoba na Desemba, hasa Bahari ya Hindi upande wa magharibi nayo ikiwa na joto. Kusini mwa Afrika mambo hugeuka: kuanzia Desemba ndiko ukame unakoingia. Msimu ule ule wa 2023/24 uliotuletea mafuriko Tanzania uliwafanya Zambia, Malawi na Zimbabwe watangaze janga la ukame.

Sisi wa kanda ya kati tuko mpakani mwa tabia hizo mbili. Mwaka mmoja tunavutwa na kaskazini, mwaka mwingine na kusini. Kwa hiyo tangazo la El Niño lisiloeleza kanda ya kati iko upande gani linamfanya mtu wa huku apande mahindi mengi akitarajia mafuriko, au aache kupanda akiogopa ukame, yote kwa tangazo moja. Tunaomba kila likitolewa, liwe na sehemu yetu peke yetu.

5. Ushauri na mbegu vinapingana.

Taarifa ya msimu hutushauri tupande mazao yanayostahimili ukame na mbegu zinazokomaa mapema. Ushauri mzuri. Tukienda dukani tunakuta mahindi ya miezi mitano yamejaa rafu, nayo ndiyo yenye bei nafuu. Mtama wa Macia, ambao huiva kwa takriban miezi mitatu na nusu, ama haupo ama umekuja mifuko michache iliyoisha asubuhi. Mwenye fedha kidogo atanunua kilichopo. Kisha mavuno yakiharibika tunaambiwa wakulima wa kanda ya kati ni wabishi, wanang'ang'ania mahindi.

Wito wa mtama si wa leo. Wazee wetu waliusikia zamani za mkoloni, wakausikia tena katika kampeni ya serikali ya Kilimo cha Kufa na Kupona baada ya ukame wa 1973 na 1974. Uliposhindwa, mara nyingi ulishindwa kwa sababu ulifika bila mbegu na bila soko. Ongezeeni hapo kwelea kwelea, ndege wadogo wanaokula nafaka, ambao wakishuka kwenye mtama mweupe wanamaliza ekari ndani ya siku chache. Anayetushauri tupande mtama atuambie na ndege ya kunyunyizia dawa itakuja lini.

6. Vipimo ni vichache na hakuna anayerudi kutueleza.

Tukisikia kiwango cha usahihi wa utabiri kikitajwa kitaifa tunafurahi kama wananchi wengine. Lakini usahihi huo ulipimwa wapi? Kituo cha hali ya hewa kikiwa mjini na shamba langu likiwa mwendo wa nusu siku kwa gari, kilichoandikwa kituoni hakisemi lolote kuhusu shamba langu. Zamani shule, misheni na vituo vya reli viliandika mvua kila asubuhi. Vingi vya vipimo hivyo havipo tena, wakati kipima mvua ni chombo rahisi kuliko vyote, mtungi wenye mdomo uliopimwa na rula ya milimita. Mtoto wa darasa la sita anaweza kukisoma bila kukosea.

Nani asiyejua kilichotokea Kongwa, hapa hapa mkoani Dodoma? Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulipita wiki chache tu, ukarudi na mpango wa karanga wa zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika Mashariki na ya Kati. Kumbukumbu za mvua walizokuwa nazo zilikuwa haba. Mvua haikuja walivyoikadiria, udongo wa mfinyanzi ukawa mgumu mpaka karanga hazing'oki, matrekta yakavunjika, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umefutwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Wagogo wa Kongwa hawakuulizwa. Ninalitaja kwa kuwa tambarare ni zile zile, na bado maamuzi makubwa yanafanyika bila kipimo cha mvua kijijini na bila kuuliza wanaoishi humo.

7. Wafugaji na walio chini ya mto.

Mfugaji akijua mapema kwamba malisho yatakuwa haba, atapeleka ng'ombe mnadani wakiwa bado na nyama. Asipojua, atawauza Oktoba kwa bei ya ngozi, au watamfia kandokando ya lambo lililokauka. Na mvua kubwa ikinyesha kwetu, maji ya mto Kinyasungwe hushuka kuelekea mto Mkondoa na mji wa Kilosa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe na kuwaacha watu wengi bila makazi. Taarifa ya mvua ya huku juu iwafikie wale wa kule chini siku hiyo hiyo.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyaseme mwenyewe.

Mtasema taarifa zote zipo mtandaoni. Zipo, nami nimezisoma. Lakini mama anayelima peke yake, mwenye simu ya kitochi na anayepanda kichuguu kutafuta mtandao, hatazisoma. Wapo wazee ambao Kigogo, Kirangi au Kisandawe ndiyo lugha wanayofanyia maamuzi ya shamba. Redio za jamii zipo, misikiti na makanisa yapo, na kila Jumamosi au Jumatano kuna mnada ambako kata nzima inakutana.

Mtasema bajeti. Tunaomba mlinganishe. Gharama ya vipima mvua kwa kata zote na matangazo ya redio ya miezi minne haiwezi kukaribia gharama ya kusomba mahindi ya hifadhi ya taifa kuyaleta vijijini kila mavuno yanapoharibika.

Mtasema wakulima hawaamini sayansi, wanasikiliza wazee wa mvua. Ni kweli watemi wa Kigogo walitunza mawe ya mvua, na mpaka leo wapo wanaotazama mbuyu unavyochipua na upepo unavyogeuka. Ila mzee yule anapatikana. Anakaa kijijini, anaulizwa na anajibu, msimu ukienda kinyume na alivyosema anaulizwa tena sababu. Wataalamu wakifanya hivyo hivyo wataaminiwa.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Dalili za awali za msimu zitufikie kabla ya Septemba kuisha, na utabiri kamili kabla ya Oktoba 15, ukiwa na asilimia zake, tarehe zinazotarajiwa za mvua kuanza na kukatika, na uwezekano wa lile pengo la Februari. Kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 taarifa ya kila siku kumi isomwe redioni kwa Kiswahili na kwa lugha za huku, na ipelekwe kwa ujumbe mfupi kwa watendaji, wenyeviti wa vitongoji na viongozi wa dini. Mbegu za mtama, uwele na alizeti zinazokomaa mapema ziwe madukani kabla ya Novemba, zikiwa na nafuu ile ile inayopewa mahindi. Kila kata ipewe walau kipima mvua kimoja, kikae shule ya msingi. Na kila mwezi Mei wataalamu waje kwenye mkutano wa hadhara watueleze walichotabiri, kilichotokea, na tofauti imetokana na nini.

Upande wetu tumeshakubaliana. Kila kijiji kitatoa watu wawili wa kusoma kipimo kila saa 3 asubuhi na kuandika daftarini, bila malipo. Walimu tuliozungumza nao wako tayari. Miti ya kujengea uzio wa vipimo tutakata wenyewe.

Tunaomba majibu kwa maandishi, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji kabla ya Agosti kuisha, yakieleza lipi kati ya haya litafanyika msimu ujao, lipi haliwezekani na kwa nini. Jibu la kwamba yanafanyiwa kazi tumeshapewa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa tambarare za Ugogo,
kwa niaba ya wakulima na wafugaji wa kata yetu.

Nakala:
Ofisi za vijiji vyote vya kata
Walimu wakuu wa shule za msingi
Viongozi wa misikiti na makanisa
Vikundi vya wakulima wa mtama na alizeti